Likizo ya Desemba Mwanza: Saanane, Bujora au tubaki nyumbani?

Mama Nyegezi: Wanajamvi, habari za jioni. Shule zinafungwa wiki ijayo, nami nimepata ruhusa ya siku mbili tu kazini, kwa hiyo nataka niamue mapema namna ya kuwachangamsha watoto bila kugusa akiba ya ada ya Januari. Nasita kati ya Kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na kuacha safari zote nikawanunulia vitu vya kuchezea nyumbani. Kipi kina nafuu?

Fundi Bao: Mleta mada, swali lako lina mashimo mengi kuliko bao. Watoto ni wangapi, wana umri gani, na umetenga shilingi ngapi?

Mzee wa Kisesa: Mimi ni mwenyeji wa Kisesa, kwa hiyo mtasema navutia kwangu, lakini Bujora haina mpinzani. Panda daladala ya Kisesa, shuka, kisha mpande kilima kwa miguu. Wataona banda la ngoma za watemi, nawe utawasimulia habari za Ngika na Gumha, waganga waliotambiana kwa ngoma na dawa mpaka yakazaliwa makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Ila niseme kweli: sherehe za Bulabo, yale mashindano ya ngoma za Wasukuma, huwa majira ya Juni, hivyo Desemba mtaona vifaa zaidi kuliko uchezaji wenyewe.

Dada wa Capri Point: Vifaa vya kale kwa mtoto mdogo? Atasinzia. Nenda Saanane. Boti huvuka kwa dakika chache, na hifadhi yenyewe haifikii hata kilometa tatu za mraba, kwa hiyo miguu midogo huimaliza kwa asubuhi moja. Wanangu waliwapita swala pala wakaganda kuwatazama pimbi juu ya mawe, wanyama ambao tungeweza kuwaona bure milimani. Bebeni chakula chenu.

Mama Ilemela: Naomba niwaonye kuhusu burudani ambayo hamjaitaja, kwa kuwa ndiyo isiyo na kiingilio na ndiyo kila mtoto wa hapa huikimbilia: kuogelea ziwani. Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu watatu kwenye ufukwe ambao sitautaja, penye matete na maji yaliyotulia, wakashinda majini toka asubuhi hadi jua lilipoanza kuzama, nami nikajipongeza kwamba siku nzima imenigharimu nauli na mihogo ya kukaanga tu. Baada ya miezi kama miwili, wa pili akaanza kulalamika tumbo, kisha nikaona damu kwenye choo. Zahanati ya kwanza ilisema ni amiba; akamaliza dozi, damu ikarudi. Tulipokwenda kwingine wakapima choo tena na kukuta mayai ya kichocho. Ndipo nilipoelezwa kwamba vijidudu hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya ufukweni, hupenya ngozi bila mtoto kuhisi lolote, na kwamba maji kuonekana safi si dalili ya usalama. Wote watatu walimezeshwa dawa. Siku ile ya bure niliilipia mara nyingi.

Mvuvi Mstaafu: Pole, mama, lakini tusiwatishe watu. Mimi nimekulia majini pale Igombe na hadi leo nina nguvu zangu. Tatizo ni maji ya pembeni. Mpeleke mtoto kwenye kina.

Mama Ilemela: Baba yangu, shikamoo. Mtu anaweza kukaa na kichocho miaka mingi bila kujua, na watoto shuleni hawagawiwi dawa zake kwa mapambo. Tena huko kwenye kina mtoto asiyejua kuogelea atasimama juu ya nini?

Mama Nyegezi: Asanteni. Watoto ni watatu: miaka 4, 8 na 13. Nimetenga shilingi 50,000 kwa likizo yote. Nilisahau kusema kwamba dada wa kazi anakwenda kwao Krismasi, kwa hiyo siku nyingine watabaki wenyewe.

Dada wa Capri Point: Hilo ndilo ungeanza nalo! Safari ni siku mbili, likizo ni wiki nzima nzima. Tafuta jirani mpeane zamu, la sivyo huyo wa 13 atahamia banda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, na wadogo watamfuata.

Fundi Bao: Chimba mashimo 32 uani, tafuta kete 64, hata kokoto zinafaa. Umemaliza, na hela umebaki nazo.

Mzee wa Kisesa: Mashimo ya uani kwa mvua za Desemba? Watacheza bao au watafuga vyura? Chukua ubao, wachezee barazani. Tena waanze na isolo yetu, bao la Kisukuma, maana bao la pwani lina kanuni za namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete moja moja, zinazowachosha hata wazee.

Fundi Bao: Mzee, namua ndiyo utamu wenyewe. Bila hiyo ni kuhamisha mawe tu.

Mama Nyegezi: Huyu wa 13 amesoma majibu yote nyuma yangu, na anasema hataki kisiwa wala kilima, anataka kwenda Ukerewe kwa bibi yake. Je, kuna anayejua kama mtoto wa miaka 4 hulipiwa tiketi kwenye meli ya Nansio?

Fundi Bao: Wa Nansio watakujibu. Huko kwa bibi kuna ubao wa bao?