Mtoto ana lugha tatu na haongei, nimwachie Kiingereza tu?

Mama Junior: Habari zenu wakuu. Niko Houston, mume wangu ni mtu wa Honduras. Mtoto ana miaka 2 na nusu, maneno yake hayafiki 20. Ndani kuna Kihispania, Kiswahili changu na Kiingereza cha katuni. Nataka abaki na Kiingereza tu, ndicho cha shule. Silali.

Nesi wa Zamu: Hayo 20 umehesabu ya lugha gani?

Mama Junior: Ya Kiingereza.

Nesi wa Zamu: Hesabu yote, dada. "Agua" ni neno, "maji" ni neno. Kwa umri wake tunatarajia kama 50, lugha zote zikijumlishwa, na aunganishe mawili: "más agua", yaani maji zaidi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Mpelekeni akapimwe masikio, na muwaone watu wa ECI hapo Texas, huduma ya kusaidia watoto wadogo wanaochelewa kukua au kuongea, sasa hivi. Akitimiza miaka 3 huduma yao inakoma.

Mzee wa Tukuyu: Mimi nimekulia Kinyakyusa, Kiswahili nimekikuta shule. Wanangu wamezaliwa Dar. Tukienda kwa bibi yao wanakaa kama wageni, hata kuitwa kula hawaelewi. Inaniuma mpaka leo.

Kibuyu: Huyo akianza kuongea mtamwomba anyamaze 😂

Nesi wa Zamu: Mama Junior, mchana anashinda na nani?

Mama Junior: Na mama mkwe.

Nesi wa Zamu: Anamsemesha lugha gani?

Mama Junior: Anajua Kihispania tu. Tangu Januari nimemwomba asimsemeshe. Msinishambulie, mwalimu mmoja ndiye alituambia lugha zinamchanganya mtoto. Na chekechea ya Kiingereza nimeshalipia.

Nesi wa Zamu: Asimsemeshe kabisa? Kwa saa ngapi?

Mama Junior: Saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni.

Kibuyu: Chai hii. Bibi gani anakaa na mjukuu kutwa nzima bila neno? Na baba mtu kakubali?

Mzee wa Tukuyu: Hata mimi naanza kuwa na shaka. Mwanzo hukumtaja bibi kabisa.

Mama Junior: Si chai, kaka. Niliona aibu. Mume anatoka alfajiri kwenda saiti, anarudi mtoto kalala. Jana mtoto aligonga meza akasema "mesa", nikaruka kwa furaha nikidhani ni Kiswahili. Kisha akachukua kiatu, akampelekea bibi yake: "zapato". Bibi akakipokea. Akanitazama mimi kwanza, mdomo kaufunga.

Nesi wa Zamu: Yuko hapo sasa? Mwambie amjibu.