Dodoso linasema kila mtu anavaa barakoa, mtaani ziko kidevuni: kosa liko wapi?

MwulizaMaswali
Habari wadau. Nina dodoso la maarifa, mtazamo na tabia za kujikinga na ugonjwa wa mlipuko wa njia ya hewa: maswali 12 ya maarifa (kweli/si kweli), 8 ya mtazamo, 6 ya tabia. Kwenye maarifa karibu wote wanapata 10 kwenda juu, na kwenye tabia wengi wanajibu "kila mara". Hali inayoonekana kwa macho ni tofauti kabisa. Kabla ya kurudia, nibadilishe nini? Na sampuli ya 385 inatosha?

Kalamu Nyekundu
Anza na maarifa. Kwa kweli/si kweli, anayebahatisha tu anategemewa kupata 6 kati ya 12. Ongeza "sijui", na hakikisha karibu nusu ya kauli si za kweli ("antibiotiki huua virusi"), maana wapo wanaoitikia ndiyo kwa kila kitu.

Halafu punguza maswali ambayo jibu lake liko kwenye kila bango. "Kunawa mikono kunakinga?" hakumtofautishi mtu na mtu. Uliza vinavyotumika: asugue mikono kwa sabuni muda gani (angalau sekunde 20)? Kitakasa mikono kiwe na alkoholi kiasi gani (asilimia 60 au zaidi)? Kinafaa mikono ikiwa na tope au mafuta? Hapo alama zitaanza kutawanyika. Ukiuliza "taja njia unazozijua", mdadisi asisome orodha. Aweke tiki tu kwa kinachotajwa.

Jicho la Pembeni
Tatizo kubwa liko kwenye tabia. "Huwa unavaa barakoa?" ni mtihani wa uungwana, na hakuna anayependa kufeli mbele ya mgeni mwenye kalamu. Uliza tukio moja la karibuni: "Mara ya mwisho ulipopanda gari la abiria, ulivaa? Uliivua kabla ya kushuka?"

Kisha hesabu kwa macho. Wadadisi wawili, mlango mmoja, saa moja, kila mtu wa tatu anayepita, kila mdadisi na karatasi yake. Makundi matatu: imefunika pua na mdomo, iko chini ya pua au kidevuni, hana. Linganisheni karatasi kwa kappa, kipimo cha jinsi wadadisi wawili wanavyokubaliana zaidi ya bahati. Mkipishana sana, tatizo ni maelezo ya makundi. Msivae sare za afya, la sivyo barakoa zitapanda puani zenyewe mkionekana.

Kunawa nako usiulize tu. Omba kuonyeshwa mahali pa kunawia, uangalie kama maji na sabuni vipo. Tafiti kubwa za kaya za kimataifa, kama DHS na MICS, hufanya hivyo.

Hesabu Kavu
385 inatokana na 1.96² × 0.25 ÷ 0.05² (uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5), na inahusu sampuli nasibu sahili, yaani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa moja kwa moja. Ukichagua vijiji au mitaa kwanza, watu wa sehemu moja hufanana, kwa hiyo wengi huzidisha mara 2: 770. Ukitarajia asilimia 10 wakatae, gawanya kwa 0.9, unapata 856. Kiungo cha dodoso kilichosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hakiokolewi na hesabu hii hata wakijibu elfu kumi.

Kwenye mtazamo, geuza alama za kauli hasi kabla ya kupiga alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali yanakwenda pamoja. Ukisahau, alfa huporomoka, hata chini ya sifuri, na watu hufuta maswali mazima yasiyo na kosa. Na ile mipaka ya "asilimia 80 ni maarifa mazuri" ni mazoea tu. Chambua alama zenyewe bila kuzigawa makundi.

Kalamu Nyekundu
Nyongeza: andika tarehe ya mahojiano kwenye kila dodoso. Wakati wa COVID-19, WHO ilibadilisha ushauri wake kuhusu barakoa kwa umma tarehe 5 Juni 2020, hivyo jibu lililokuwa "kosa" Aprili lingeweza kuwa sahihi Julai. Pia ongeza maswali ya uwezo: maji yapo nyumbani? Anaweza kukaa ndani siku 5 bila kipato? Bila hayo utaita "mtazamo mbaya" kitu ambacho ni ndoo tupu.

MwulizaMaswali
Shukrani. Aliyeishika barakoa mkononi namweka wapi?

Jicho la Pembeni
Kundi la nne, peke yake. Anayo na hajaivaa. Ukimchanganya na asiye nayo, hutajua kama wanachokosa ni barakoa au ni sababu ya kuivaa.