Kununua nyumba kipindi hiki cha mdororo au niendelee kupanga?

Mpangaji Sugu
Wakuu, salaam. Naombeni mawazo. Kuna nyumba nimeipenda, vyumba vitatu, mwenyewe anauza kwa haraka na ameshashusha bei mara mbili bila hata kubembelezwa. Benki wamenikubalia mkopo. Shida ni kwamba kila nikiwasha redio nasikia mdororo, makampuni yanapunguza watu, bei zitashuka zaidi. Ninaona njia tatu: ninunue hii, niendelee kupanga mpaka hali itulie, au nichukue kiwanja nijenge pole pole. Mke wangu anaitaka nyumba. Wenye uzoefu karibuni.

Bi Hesabu
Ndugu, yote ya maana umeyaacha. Riba ni ya kudumu au inabadilika? Mkopo wa miaka mingapi? Ukishatoa kianzio unabaki na akiba ya kula miezi mingapi bila mshahara? Na kazi ni ya aina gani? Mdororo wa muuguzi si mdororo wa muuza magari. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kobe Mjenzi
Jenga. Ukijenga kwa pesa yako mwenyewe hakuna marejesho. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, ukikwama unasimama na hakuna wa kukupigia mnada. Tena kipindi hiki mafundi wanatafuta kazi kwa tochi, utapata wazuri kwa bei ya kuelewana.

Bi Hesabu
Kobe, na kodi ya pango miaka yote hiyo anajenga nani anailipa?

Kobe Mjenzi
Si anailipa hata sasa?

Jicho la Tatu
Subiri, usikimbilie. Nyumba haishuki bei kwa siku moja kama hisa, kwa sababu wauzaji hung'ang'ania bei za zamani mpaka washindwe. Marekani bei zilifika kilele mwaka 2006. Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya huko, ikaanguka Septemba 2008, watu wakasema ndiyo chini kabisa, wakanunua, na bei zikaendelea kuteremka mpaka karibu 2012. Ayalandi zilipoteza kama nusu. Japani ndiyo usiseme: bei za ardhi zilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hata baada ya miaka kumi zilikuwa bado zinashuka. Muuzaji aliyeshusha mara mbili atashusha ya tatu.

Mama Pacha
Na mwaka 2020 je? Corona ilipoingia, kila mjuzi alisema bei zitaanguka. Benki kuu zikashusha riba, na Marekani na Uingereza nyumba zikapanda huku uchumi uko kitandani. Waliosubiri walikuja kununua ghali. Mgogoro wa 2008 ulizaliwa ndani ya mikopo ya nyumba yenyewe, watu walikopeshwa bila hata kuulizwa kipato. Usiuchukue ukaufanya kipimo cha kila mdororo.

Jicho la Tatu
Waliosubiri 2020 wana uhuru. Walionunua kileleni 2006 walikuwa wakidaiwa zaidi ya thamani ya nyumba. Huwezi kuuza, huwezi kuhama kufuata kazi. Mimi bora ghali kuliko kufungwa.

Bi Hesabu
Wakati mwenye uzi hajarudi, wacha niweke namba, maana hapa watu wanaongelea bei tu kama vile anakwenda na pesa taslimu. Kila 100 unayokopa kwa miaka 20: kwa riba ya asilimia 6 unarudisha kama 172. Kwa asilimia 9, kama 216. Sasa umesubiri, bei imeshuka asilimia 15, ila riba imepanda kutoka 6 hadi 9. Unakopa 85 na unarudisha kama 184. Nyumba imekuwa rahisi, wewe umelipa zaidi. Riba ikibaki 6, hapo kweli subira imekulipa: 146.

Jicho la Tatu
Hesabu safi, dada, ila riba ikishuka baadaye unaweza kuhamisha mkopo. Bei uliyonunulia huihamishi.

Bi Hesabu
Unahamisha kama bado una kazi, na kama nyumba bado ina thamani ya kumtosha mkopeshaji mpya. Na kuna ada zake.

Zege la Jana
Sijaona aliyetaja mnada. Kipindi kama hiki nyumba za mnada ni nyingi.

Mzee wa Hati
Kijana, mnada niachie mimi nikueleze. Nilinunua moja wakati uchumi umebana, bei ilikuwa ya kuchekesha. Nikalipa, nikapewa karatasi, nikajiona mjanja. Nafika na fundi wa vitasa, nakuta familia ndani inakunywa chai. Mwenye nyumba wa zamani akanikaribisha vizuri kabisa, akaniambia, "Mzee, mimi nimekwenda mahakamani." Na kweli alikuwa na zuio: anadai hakupewa notisi ya kutosha. Benki nikiwauliza wananiambia wao wameshauza, nizungumze na dalali wa mnada. Dalali ananiambia nizungumze na wakili. Kesi inaahirishwa, hakimu anahamishwa, faili linatafutwa. Muda wote huo mimi napanga kwingine na pesa yangu imelala pale. Siku nilipokabidhiwa, milango imeng'olewa, nyaya za umeme zimevutwa ukutani, sinki halipo. Na bili ya maji ya miaka ikanisubiri mimi. Ukijumlisha wakili na matengenezo, ile bei ya kuchekesha ilinifikisha palepale walipo walionunua kawaida. Na yule bwana simlaumu sana, alikuwa na watoto.

Zege la Jana
Pole mzee. Lakini wapo wanaopata tupu, haina mtu.

Mzee wa Hati
Wapo. Nenda kagonge mlango kabla ya kunyoosha mkono.

Mpangaji Sugu
Samahani wakuu, nilibanwa na kazi. Mkopo ni wa miaka 20. Riba imefungwa miaka 3 ya mwanzo, baada ya hapo inafuata soko. Kianzio kitamaliza karibu akiba yote. Kazi ni ya mkataba, unahuishwa kila mwaka, haijawahi kuwa shida.

Bi Hesabu
Ndiyo ungeanza na hilo! Mkataba wa mwaka mmoja, riba ya miaka mitatu, deni la miaka ishirini, akiba sifuri.

Mama Pacha
Mimi ni mtu wa kununua, lakini hapo hata mimi naogopa. Mama watoto ana kipato?

Mpangaji Sugu
Anacho, ana ajira ya kudumu. Mshahara wake peke yake ungelipa marejesho, ila kwa kujikaza.

Mama Pacha
Jamani! Sasa hiyo ni habari nyingine kabisa. Mwombe muuzaji ashushe tena, mpunguze kianzio, mbakize akiba ya miezi sita. Na uliza benki riba ikiongezeka pointi tatu marejesho yanakuwaje, wakupe kwa maandishi.

Jicho la Tatu
Kupunguza kianzio ni kuongeza deni. Bei ikiteleza kidogo tu yuko chini ya maji, anadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba.

Kobe Mjenzi
Kiwanja.

Zege la Jana
Kwa nini anauza kwa haraka, umemuuliza? Mwingine anakimbia ukuta unaolia maji. Nenda siku ya mvua, angalia pembe za dari na nyuma ya makabati.

Mpangaji Sugu
Anasema anahamia kwa mwanawe. Nyuma ya makabati sijaangalia.

Mgeni Mpya
Naomba kuuliza humuhumu. Mimi ninayoangalia iko kwenye jengo la ghorofa, na kuna ada ya huduma kila mwezi. Je, kipindi cha mdororo hupungua?

Bi Hesabu
Mara nyingi hupanda. Majirani wakishindwa kulipa, lifti na mlinzi bado wanataka pesa. Omba hesabu za jengo za miaka mitatu uone wangapi wanadaiwa. Halafu fungua uzi wako, huu umeshajaa.