Arabuko-Sokoke au Marafa? Nataka siku moja ya kutembea kwa miguu

Mtoto_wa_Maweni: Salaam jamani. Wikendi nataka nitoe watu wangu Malindi mjini tukatembee, tuone miti na wanyama, sio kukaa ndani ya gari. Nimekwama kati ya msitu wa Arabuko na bonde la Marafa, pesa ya kote kuwili haipo. Nyie mngeenda wapi?

Ngalawa77: Mko wangapi? Kuna watoto? Mna gari ama mwategemea matatu? Tutakushauri vipi ndugu yangu bila hayo.

Kipepeo_Gede: Arabuko! Matatu ya Mombasa inakushusha Gede, ofisi ya msitu iko kando ya barabara, mwachukua mwongozaji mwaingia. Ila muwe mapema, jua halijapanda. Mkisimama kimya mtamwona sange, yule mnyama mdogo wa makalio ya manjano akifukua majani makavu na ile pua yake ndefu, anawapita hapo karibu kama hamko. Mkitoka kwenye miti ya mirihi penye mchanga mweupe mkaingia kwenye udongo mwekundu ombeni muoneshwe bundi mdogo wa Sokoke, mchana amelala kichakani, peke yako humwoni.

MamaShela: Marafa ni pazuri lakini ni pa jioni. Sisi tulikubaliana na dereva atuchukue alfajiri, akaja saa nne, akapita tena kujaza abiria wengine, kufika kule jua la utosi. Bondeni hakuna mti wa kujifichia, kuta nyekundu na nyeupe zimekuzunguka na joto latoka juu na chini. Mama mkwe wangu miguu ikaanza kutetemeka, vijana wakamshika huku na huku kumpandisha, tukampa maji yaliyobaki tukampepea kwa leso. Dereva badala ya kusaidia anadai pesa ya kungojea! Mpaka leo ukimtajia Marafa anageuza uso.

Ngalawa77: Pole dada. Pale pana laana, wazee wasema palikuwa na matajiri wakioga maziwa huku jirani ana njaa, ardhi ikawameza.

Kipepeo_Gede: Ni mmomonyoko ndugu, mvua inakula ule mchanga kila msimu, ukingo wazidi kurudi nyuma.

Ngalawa77: Na mvua yatoka kwa nani? Hadithi ya Wagiriama isifutwe na sayansi, watoto wasikie zote mbili.

Sabaki_Boy: Mwaacha mdomo wa mto Sabaki hapo karibu kabisa na mjini! Heroe wamejaa ukibahatisha, na viboko wapo mtoni. Nauli ya tuktuk tu.

MamaShela: Na viboko hao utawapelekea watoto wa watu kwa miguu?

Mtoto_wa_Maweni: Tuko saba, watoto wawili na nyanya yetu, magoti yamsumbua. Gari hatuna.

Sabaki_Boy: Magoti ndio wasema sasa! Basi hori ya Mida, kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, nyanya anakwenda polepole.

Kipepeo_Gede: Marafa ni kushuka na kupanda, itoe. Msitu karibu wote ni tambarare, muombe njia fupi. Vaeni soksi ndefu, kupe wapo.

Mtoto_wa_Maweni: Na tembo? Nasikia wamo humo.

Kipepeo_Gede: Wamo, ndio nikasema mwongozaji. Nyanya anaweza kutembea saa moja bila kukaa?