Tupeane uzoefu: likizo hii ya Juni watoto wanajifunza nini nyumbani?

MamaUyole
Wana jamvi, poleni na baridi. Jana nilikuwa Mwanjelwa nanunua maharage. Mbele yangu bibi mmoja na mjukuu wake, mtoto wa kama miaka minane. Muuzaji akataja bei ya sado tatu, bibi akamgeukia mjukuu: "Haya mwalimu wangu, chenji yetu shilingi ngapi?" Mtoto akafumba macho, akapiga hesabu kwa vidole, akataja. Akapata. Muuzaji akafurahi, akampa nyongeza kiganja kizima.

Nimerudi nyumbani sina raha. Wangu yuko darasa la pili, nimembandikia jedwali la kuzidisha ukutani, na kila jioni ni machozi. Mimi mwenyewe nilijua kujumlisha kabla sijaanza shule, na aliyenifundisha ni bibi yangu kule Rungwe, hakuwahi kushika kalamu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ya mbegu. "Hesabu kumi, weka fungu. Mafungu kumi, niite." Jioni tunacheza mdako kwa punje zilizobaki. Sikujua kama nasoma.

Jana usiku nimetoa jedwali ukutani. Leo asubuhi tumefungua duka sebuleni: vizibo vya soda ndiyo hela, makopo na pakiti tupu ndiyo bidhaa. Kizibo chekundu 500, cha bluu 1,000. Nimekuwa mteja msumbufu, naomba punguzo, narudisha mzigo. Amenihudumia saa nzima bila kulia. Naombeni na ninyi mlete yenu, hasa wenye watoto wa la kwanza mpaka la nne. Likizo ndiyo kwanza imeanza.

BabaPacha
Asante kwa uzi huu. Sisi tulipanda maharage kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, na pamba yenye maji, ili mizizi ionekane. Kosa letu lilikuwa kufanya Juni hapa Uyole. Siku ya tatu kimya. Siku ya tano mmoja kayafukua, mwenzake analia kwamba yameuawa. Yalikuja kuota karibu wiki mbili. Tukaweka chupa nyingine jikoni karibu na joto, zile zikawahi. Basi pacha wakaelewa wenyewe kwamba mbegu inataka maji na joto, wala sikuwaambia. Wamechora kila siku, daftari ninalo hadi leo.

Fundi wa Mafinga
Kweli kabisa, ya mikono hayasahauliki.

MlimaViazi
Mama umenikumbusha mbali ulipotaja sado. Mwaka jana kijana wangu wa darasa la nne aliletewa swali: debe moja ni sado ngapi? Nikamwambia tusibishane, lete maji. Kopo la sado lita 4, ndoo lita 20. Akamimina mara tano, ndoo ikajaa. Vizuri. Kesho yake tukaenda gulioni kununua mahindi, akasimama pale anahesabu kwa sauti. Mama muuza akijaza sado anaweka na kichuguu juu. Kijana akasema, "Baba, hii si lita 4, hii ni zaidi." Tukarudi nyumbani tukapima: sado iliyokatwa kwa kijiti juu, na sado ya kichuguu. Jioni nzima tumepima mahindi, maharage, mchele. Akagundua kichuguu cha maharage hakilingani na cha mahindi. Mimi nauza viazi miaka yote hii na sijawahi kuliwaza hilo.

Na kwa walioko kwenye viazi kama mimi: chukueni viazi viwili, kimoja kwenye boksi gizani, kingine dirishani. Cha gizani kinatoa machipukizi marefu meupe kama minyoo, cha dirishani mafupi magumu ya kijani. Mtoto ataona kwa macho yake mmea unavyotafuta mwanga. Ila kile kilichogeuka kijani asipikiwe mtu, kina sumu. Kipandeni.

Soweto Kwetu
Sawa lakini mtihani hauulizi kichuguu. Wangu yuko tuisheni asubuhi mpaka saa saba mchana, la nne ana upimaji wa kitaifa. Michezo ifanyike Desemba.

MlimaViazi
Ndugu yangu, mtihani unauliza ujazo. Wangu alipata lile swali la ujazo, na aliniambia alikuwa anaona ndoo kichwani.

Soweto Kwetu
Mmoja kupata si ushahidi.

BabaPacha
Na aliyechoka kwa tuisheni ya likizo ni ushahidi wa kitu gani? Mtoto wa miaka tisa apumzike jamani.

Soweto Kwetu
Simchoshi mtu. Mimi na mke wangu tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, nyumbani hakuna mtu wa kucheza naye duka. Tuisheni ndiyo mahali salama niliyonayo. Msiongee kama kila nyumba ina bibi.

MamaUyole
Hilo nimelisikia, kaka. Hata robo saa ya usiku wakati unamenya viazi inatosha. Mpe asome maandishi ya kwenye pakiti ya unga.

Tukuyu Mvua
Ugonile wote. Huku kwetu tuna kitu kimoja hatununui, mvua. Inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Tumekata chupa ya maji yenye kuta zilizonyooka, tumebandika rula, tumeiweka wazi mbali na mti. Kila asubuhi binti anasoma na kuandika ukutani kwa mkaa. Nilimweleza kwamba milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Akapima bati la jiko letu, mita 3 kwa 4, akazidisha: mvua ya milimita 20 ni lita 240, ndoo kumi na mbili. Sasa yeye ndiye anayegombana na baba yake kuhusu mfereji wa bati, eti tunamwaga ndoo kumi na mbili kila siku. Mfereji umewekwa.

Fundi wa Mafinga
Huku kwenye misonobari tunapima miti kwa kivuli. Simika kijiti cha mita 1, pima kivuli chake, halafu kivuli cha mti saa hiyohiyo. Kijiti kikitoa nusu mita na mti ukitoa mita 9, mti una mita 18. La tano wanaiweza. Uwanja uwe tambarare tu, kwenye mteremko utadanganyika.

Binti Kalenga
Kamwene. Sisi tumefanya historia kwa kamba ya katani: kila fundo moja ni miaka kumi. Tumeanza na vita vya Lugalo 1891, Chifu Mkwawa wa Wahehe alipowapiga Wajerumani, kifo chake 1898, fuvu lake kurudishwa Kalenga kutoka Ujerumani 1954, Uhuru 1961, kisha kuzaliwa kwa babu, mama, mtoto mwenyewe. Mwanangu aliposhika kati ya 1898 na 1954 akanyoosha kamba yote, akauliza, "Miaka 56 walikuwa wanamngoja?" Sikuwa na jibu la haraka. Tulikwenda makumbusho Jumamosi iliyofuata.

Mama wa Watatu
Nimesoma mpaka hapa nimeshindwa kunyamaza. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Mwaka juzi, Julai, tulikuwa Makete. Mnaijua baridi ya Makete, asubuhi majani ni meupe. Nilikuwa nimekata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, kila kadi neno moja, tunapanga sentensi. Watoto waliupenda ule mchezo mno, tunaucheza kila usiku. Usiku ule umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa, nikaingiza jiko la mkaa ndani. Nililiacha nje kwanza mpaka moshi ukaisha wote, mkaa umekolea mwekundu. Niliamini moshi ukiisha, hatari imeisha. Nikafunga dirisha, nikakunja khanga nikaziba chini ya mlango.

Tukaanza kucheza. Baada ya muda, mtoto wa katikati, miaka minane, akasema, "Mama, herufi zinatembea." Nikamwambia, "Zinatembea kwa sababu hutaki kusoma. Kaa hapo." Akasema kichwa kinauma. Nikasema kila ikifika zamu yako kichwa kinauma. Akalaza uso juu ya kadi. Mdogo alishalala. Na mimi kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni uchovu wa shamba.

Mkubwa akataka kwenda kukojoa. Akainuka, akafungua mlango, akaanguka palepale kizingitini. Ile baridi iliyoingia ndiyo ilinizindua. Nilitaka kusimama, miguu haikutii. Nilitambaa. Nikamvuta mdogo kwa mkono, nikapiga kelele mpaka jirani akaja na tochi, akawatoa wa katikati na jiko. Wa katikati alitapika uani, hakunijua kwa muda. Bodaboda mbili mpaka kituo cha afya. Waliwekewa oksijeni. Muuguzi swali lake la kwanza lilikuwa, "Jiko lilikuwa ndani?"

Wote wazima, namshukuru Mungu. Lakini mtoto alikuwa ananieleza anachokiona, na mimi nikasikia uvivu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Muhula mzima hakuzigusa zile kadi.

MamaUyole
Nimelia. Pole sana mama. Pole mno.

BabaPacha
Pole dada yangu. Nimetoka sasa hivi kuangalia chumba cha watoto.

Kijana wa Sae
Dawa ni maziwa. Mkivuta ya mkaa mnywe maziwa fasta, yanakata sumu.

Mwalimu Mstaafu
Hapana, kijana, usiwaambie watu hivyo. Ile ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Maziwa yanakwenda tumboni, hayaifikii. Mtoe mtu nje kwenye hewa, mkimbize hospitali. Dalili ni hizohizo alizosema mama: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kutoona sawasawa, usingizi. Wakiumwa kichwa watu wawili chumba kimoja kwa wakati mmoja, msingoje wa tatu.

Kijana wa Sae
Nimeelewa mwalimu. Bibi ndiye alituambia hivyo.

Soweto Kwetu
Ila na sisi wazazi, kuziba mlango na jiko ndani? Hilo hata mtoto anajua.

Tukuyu Mvua
Wewe usimhukumu. Nusu ya nyumba za huku zinafanya hivyo kila Julai. Mama yangu katulea hivyo.

Fundi wa Mafinga
Acha dirisha wazi kidogo tu, inatosha.

Mwalimu Mstaafu
Haitoshi. Jiko lilale nje. Watoto wavae sweta mbili, wakae blanketi moja, wasome kwa kubanana.

Soweto Kwetu
Mama wa Watatu, nisamehe. Nimeandika vibaya. Kwetu pia jiko linaingia ndani, leo halitaingia.

Mama wa Watatu
Nimekusamehe kaka. Ndiyo maana nimeandika.

Binti Kalenga
Na kadi je? Alizirudia?

Mama wa Watatu
Alirudi kwa njia nyingine. Tulikwenda kuona Kimondo cha Mbozi. Akasikia kina takriban tani 16, akauliza hayo ni magunia mangapi ya viazi ya kilo 100. Tukapiga hesabu, 160. Akataka kuandika barua kwa binamu yake kumweleza, akakosa karatasi, akageuza zile kadi nyuma akaandikia. Sasa anaandika kila siku. Na nimejiwekea sharti: akisema kichwa kinauma, mchezo unaisha, simuulizi mara mbili.

Mwalimu Mstaafu
Nawaachia na kitendawili cha kupeleka nyumbani, msiwape jibu watoto. Ninao watoto wangu watatu, akiondoka mmoja wawili hawafanyi kazi.

BabaPacha
Pacha wanasema ni magurudumu ya bajaji. Nimewaambia waendelee kufikiri.

MamaUyole
Wangu kasema ni sisi, yeye, mimi na baba yake. Duka limefungwa kwa muda, mwenye duka anawaza.

Mama wa Watatu
Wa katikati amenisomea uzi wote kwa sauti, mpaka pale pa kwake, hakuruka. Jibu lake ni mafiga. Na ana swali kwa MlimaViazi: kile kichuguu cha juu ya sado ya maharage, mlikipima kikawa robo lita au zaidi? Anasema amepata kopo, anataka kuanza kesho asubuhi.