Naomba ushauri: Toyota Voltz iliyoundwa Marekani
Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, nataka kununua Toyota Voltz ya 2003 kwa safari za Igoma hadi Magu. Fundi wangu hataki kabisa. Anasema iliundwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha ubia cha Toyota na General Motors, kwa hiyo haiwezi kuwa imara kama Toyota za Japani. Lakini injini si ni 1ZZ ileile ya Spacio ya cc 1800! Nimeikagua asubuhi ikiwa ya baridi: haitoi moshi, oili iko kwenye alama. Spea za injini nimezikuta madukani, ila taa na bampa naambiwa niagize Dar.

Mliowahi kuimiliki, kuna tofauti ya kweli ya uimara? Na vifaa vya bodi mnavipata wapi huku Kanda ya Ziwa?