Ushauri: senta wa miaka 20, kipaji kikubwa. Nimpe mkataba wa miaka mitatu?

BenchiLaMbele (mleta mada)
Wakuu, naombeni mawazo. Ijumaa natakiwa kuipa bodi jibu na usingizi umenikata. Nasimamia usajili wa klabu ya kikapu. Kuna senta (mchezaji mrefu wa karibu na kapu) chipukizi, miaka 20, urefu mita 2.09, mikono ikinyooshwa pembeni mita 2.21. Alitokea mpira wa wavu, kikapu kaanza akiwa na miaka 16. Msimu huu: dakika 242, pointi 154, mitupo ya uwanjani 55 kati ya 105 (humo za pointi tatu 5 kati ya 16), mitupo huru 39 kati ya 50, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 88, faulo 44. Wakala anataka miaka mitatu, malipo yote ya uhakika. Swali langu ni moja tu: huyu anaweza kufika wapi?

KaratasiYaTakwimu
Mkuu, tuanze na ufanisi. Chukua pointi, gawa kwa mara mbili ya jumla ya mitupo ya uwanjani na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Yaani 154 gawa kwa 2 × (105 + 22), unapata asilimia 60.6. Kwa umri huo ni nzuri sana. Mitupo ya pointi tatu 16 haikwambii lolote, iweke pembeni. Asilimia 78 ya mitupo huru ndiyo inayoonyesha mkono upo, maana kwa kijana hiyo hutabiri mtupo wa mbali kuliko sampuli ndogo ya pointi tatu zenyewe.
Kinachonikera ni faulo. Kwa dakika 40 zinafika 7.3, na ya tano inakutoa. Kwa mwendo huo anatolewa dakika ya 27 au 28.

JichoLaSkauti
Faulo usizihesabu tu, zikate kwenye video zote 44 uzigawe mafungu. Akiruka kila anapodanganywa na mtupo wa uongo, hiyo ni akili ya mchezo na inafundishika. Akigusa kiuno cha mtu aliyekwisha kumpita, hiyo ni miguu. Anayeukwepa mguu mmoja huchelewa hatua ya kwanza ya pembeni, halafu mkono unafanya kazi ya mguu. Tazama pia anavyotua baada ya ribaundi: miguu miwili, au mmoja kila mara?

KaratasiYaTakwimu
Na hizo dakika 242 ni za mechi ngapi, kati ya ngapi?

BenchiLaMbele
Mechi 11. Ligi ilikuwa na 26. Zilizobaki alipumzishwa. Faulo nimezigawa: mechi 7 za kwanza 25, nne za mwisho 19, nyingi za kugusa. Lakini turudi kwenye kipaji, wakuu.

MkandaWaGoti
Kijana wa miaka 20 hapumzishwi mechi 15. Aliumia wapi?

BenchiLaMbele
Unyayo wa kushoto. Ufa mdogo kwenye navikula, ule mfupa wa juu katikati ya unyayo. Aliwekewa skrubu moja, leo ni wiki ya 15. Eksirei ya mwezi uliopita ilitoka safi, hana maumivu, na anafanya mazoezi na wenzake. Sikutaja kwa sababu limekwisha. Na niseme ukweli, makubaliano ya awali nimeshasaini, Jumamosi yupo kwenye mechi ya kirafiki.

FizioWaZamu
Mkuu, hapo ndipo swali lako lilipo. Theluthi ya kati ya navikula hupata damu kidogo, na ndiyo inayobanwa kila anapokimbia na kuruka. Ndiyo maana huunga polepole na hupasuka tena. Eksirei hukosa ufa wa mfupa huu mara nyingi, hata wakati umevunjika, kwa hiyo "safi" ya eksirei haina uzito. Anayetaka kujua kama umeunga anaomba skana ya CT yenye vipande vyembamba. MRI ni nzuri kuonyesha mfupa uliochoka, ila kingo za ufa CT inazionyesha vizuri zaidi.
Kurudi uwanjani baada ya skrubu kwa kawaida huchukua miezi minne hadi sita, na kalenda peke yake haitoshi. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, mbele kidogo ya kifundo. Ukiona ananywea, simamisha kila kitu, hata kama anasema haumi akikimbia. Kisha mwambie aelekeze kidole gumba cha mguu ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, upime umbali wa kidole na ukuta kwa miguu yote miwili. Baada ya hapo ainue kisigino kwa mguu mmoja mpaka achoke, uhesabu. Mwisho aruke mbele kwa mguu mmoja, mara tatu kila upande. Mguu wa kushoto ukishindwa kufika asilimia 90 ya wa kulia, bado.

MpiraNaUtu
Kijana wa watu mnampima kama gari la mtumba. Umesaini kabla hujajua hali ya mfupa wake, kaka. Yeye atasema haumi kwa sababu anautaka mkataba. Wewe ndiye unayepaswa kumlinda.

KalendaYaNBA
Navikula ndiyo iliyompeleka Yao Ming, senta wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), mezani mwa upasuaji, na mwaka 2011 akastaafu baada ya nyufa za miguu kurudi na kurudi. Lakini kila mfupa una kesi yake. Blake Griffin alikosa msimu mzima wa 2009-10 kwa ufa wa kilegesambwa (mfupa wa mbele ya goti), akarudi akawa chipukizi bora wa 2011. Chet Holmgren aliumia Lisfranc (viungo vya katikati ya unyayo), msimu wake wa kwanza ukapotea, uliofuata akacheza mechi zote 82. Greg Oden, mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za NBA mwaka 2007, goti lilimwachia mechi 105 tu maishani NBA.

HainiingiiAkilini
Ngojeni. Senta mrefu, katokea mpira wa wavu, kaanza kikapu akiwa na 16, navikula, skrubu. Huyu si Joel Embiid, yule senta wa NBA, wa 2014 kanyolewa nywele? Hii ni chai, wakuu. Mtu kachukua historia ya watu anatupima akili.

KalendaYaNBA
Inafanana kweli. Ila Embiid aliumia mguu wa kulia, akawekewa skrubu mbili Juni 2014, na Agosti 2015 akafanyiwa upasuaji wa pili. Alikaa misimu miwili nje, na wa kwanza kucheza alipewa mechi 31 tu kwa dakika zenye kikomo.

BenchiLaMbele
Si chai. Nimetoka ukumbini sasa hivi, nimempima kama alivyosema Fizio. Ukutani: kulia sentimita 10, kushoto 5.5. Kuinua kisigino: kulia 27, kushoto 16. Kuruka sikumruhusu, kwa sababu nilipobonyeza juu ya unyayo alivuta mguu, kisha akacheka akasema ni mazoea.

HainiingiiAkilini
Namba hata mimi naweza kuandika. Bado siamini.

FizioWaZamu
Mimi naziamini, au tuseme nazijibu kama za kweli, maana kuna atakayesoma uzi huu akiwa na mguu kama huo. Tofauti ya sentimita 4.5 ni kubwa. Kifundo kisichokunja vizuri huzidisha mzigo kwenye navikula ileile. Na mguu aliouvuta si mazoea. Jumamosi hachezi. CT kabla ya Ijumaa.

KalamuYaMkataba
Soma makubaliano ya awali kama yana kifungu cha kufuzu uchunguzi wa afya. Kikiwepo, hujafungwa, tumia hicho. Pendekeza mwaka mmoja wa uhakika, wa pili kwa hiari ya klabu, na bonasi kwa idadi ya mechi. Mguu uliotibiwa utajwe kwa jina kwenye kiambatisho, na gharama za kumtibu zibaki kwenu hata mkimwacha. Wakala akikataa CT, hilo nalo ni jibu.

BenchiLaMbele
Kifungu kipo, nilikiruka. Nimemtoa kwenye orodha ya Jumamosi, amekasirika. CT ni Alhamisi asubuhi.

JichoLaSkauti
Ukiwa unasubiri, kata video ya zile mechi nne za mwisho, mtazame mguu wa kushoto tu anapotua. Utaona ulianza lini.